Anakariri usiku kucha, Fizikia bado 28

Swali: "Binti yangu yuko kidato cha kwanza, shule ya kata huku Igombe, Mwanza. Darasa la saba Sayansi alipata A. Mtihani wa muhula amerudi na Fizikia 28, Kemia 31, Baiolojia 40. Usiku anakariri madaftari mpaka anasinzia mezani, na ukimuuliza anakutajia neno kwa neno. Maabara yao ina meza tu. Mimi niliishia la saba, Kiingereza sijui. Nimtafutie tuisheni, au kuna kitu naweza kufanya naye hapa nyumbani?"

Mama, tuanze na hizo alama. Kwa viwango vya Baraza la Mitihani, chini ya 30 ni F, na 30 hadi 44 ni D. Binti yako yuko ukingoni, hajazama. Halafu mtoto anayelitaja daftari neno kwa neno si mvivu wala hana kichwa kizito. Anajua kukariri kupita kiasi, na mtihani haumuulizi alichokariri.

Kwa alama za namna hii tatizo huwa ni lugha, ila si kwa maana wanayoifikiria wengi. Watu husema Kiingereza ndicho kinachowaangusha. Kweli, kinachangia. Lakini ukikaa na madaftari ya watoto hawa utakuta kosa lingine linajirudia: Kiswahili chetu cha jikoni na sokoni kinabebesha neno moja vitu viwili ambavyo sayansi inataka vitenganishwe. Sukari inayeyuka kwenye chai, barafu nayo inayeyuka juani. Kwetu ni neno lile lile. Darasani la kwanza ni "dissolve" na la pili ni "melt", na mtoto akiandika kwamba sukari ina-"melt" kwenye maji anapigwa sifuri bila kujua kakosea wapi, maana kichwani mwake kasema kweli. Kiswahili cha kitaalamu kina neno la kumwokoa, kumumunyuka, ila ni wachache waliofundishwa kulitumia.

Kwa hiyo kazi yako nyumbani haihitaji Kiingereza. Inahitaji ndoo, mizani, jiko na daftari jipya moja la kurasa 48. Kila ukurasa agawe sehemu tatu: kushoto neno la darasani, katikati kitu chenyewe kama anavyokiona Igombe kwa Kiswahili chake, kulia kipimo chake, yaani kinapimwa kwa kifaa gani na kwa yunti ipi, kama kilo au mita. Asiandike maana iliyonakiliwa ubaoni. Sehemu ya kulia ikibaki tupu, neno hilo bado hajalielewa, hata kama analitaja vizuri.

Aanze na uzito, kwa sababu neno hili ndilo linalowamaliza wengi kwenye Fizikia. Sokoni tunasema "uzito wa kilo mbili". Darasani kilo ni za tungamo, yaani "mass", kiasi cha kitu kilichomo. Uzito, "weight", ni kani, yaani nguvu, ambayo dunia inakivutia kitu hicho, na yunti yake ni nyutoni. Kilo moja inavutwa kwa nyutoni 9.8, na kwenye mitihani mara nyingi wanaruhusiwa kutumia 10. Ukimsomea hivyo atakariri tena. Mwonyeshe.

Azima mizani ya kuning'iniza, ile ya saa wanayopimia samaki mwaloni. Chukua jiwe la itale, haya haya mawe yetu, la kilo mbili hadi tatu. Jiwe dogo halifai, kwa sababu mistari ya mizani hizi iko mbalimbali na tofauti haitaonekana. Lifunge kwa uzi wa nailoni wa nyavu, lining'inize, msome. Tuseme mshale unaonyesha 2.6. Sasa lishusheni taratibu kwenye ndoo ya lita 20 iliyojaa theluthi mbili, lizame lote lakini lisiguse chini wala ubavuni. Msome tena. Mshale utakuwa umerudi karibu na 1.6.

Hapo muulize: hiyo kilo moja ya jiwe imekwenda wapi? Hakuna jiwe lililomeguka. Tungamo ni lile lile, na dunia inalivuta vile vile. Kilichobadilika ni kwamba maji yanalisukuma kwenda juu kwa takriban nyutoni 10, kwa hiyo springi ya mizani inavutwa kidogo kuliko mwanzo. Na hapo siri ya mizani yenyewe inafichuka: haipimi kilo hata kidogo, inapima mvuto. Uso wake umeandikwa kilo kwa sababu mnunuzi wa samaki anataka kilo. Mizani ya duka yenye sahani mbili na mawe ndiyo inayolinganisha matungamo. Ukiipeleka mwezini, mfuko wa sukari wa kilo moja bado utalingana na jiwe la kilo moja, wakati ile ya springi itasoma kama gramu 165 tu. Mkiwa na mizani ya pili, iwekeni chini ya ndoo. Jiwe likizama, ndoo itasoma kilo moja zaidi, hata kama jiwe halijagusa chini.

Msiondoe ndoo bado, kuna densiti humo humo, yaani tungamo la kila sentimeta moja ya ujazo. Mshale umepungua kilo 1.0, maana yake jiwe limesogeza maji ya kilo 1.0, na maji ya kilo moja yana ujazo wa lita moja, yaani sentimeta za ujazo 1,000. Gramu 2,600 gawanya kwa 1,000 unapata gramu 2.6 kwa kila sentimeta ya ujazo. Itale kwa kawaida iko kati ya 2.6 na 2.7, kwa hiyo jibu limekaa sawa. Mkipata 2.0, jiwe liligusa chini au limeshikilia mapovu ya hewa. Lilowekeni kwanza, mlitikise. Mkipata 4, sehemu ya jiwe ilibaki nje ya maji. Mfundishe kulisoma kosa kutokana na upande lilikoelekea, maana maswali ya vitendo ya kidato cha nne yanapenda sana kuuliza hilo, na anayesubiri hadi kidato cha nne kuanza huwa amechelewa.

Kosa la hesabu linalowatafuna hapa ni kubadili yunti. Kutoka gramu kwa sentimeta ya ujazo kwenda kilo kwa mita ya ujazo unazidisha kwa 1,000, kwa hiyo itale ni 2,600. Lakini kubadili sentimeta za ujazo kuwa mita za ujazo unagawanya kwa 1,000,000, si kwa 100. Achore boksi la mita moja kila upande, ahesabu vijiboksi vya sentimeta moja: 100 mara 100 mara 100. Akishalichora hasahau.

Na asiishie kwenye jiwe. Jiwe la 2.6 linazama, je, meli ya chuma? MV New Mwanza ya Ziwa Victoria imeundwa kubeba abiria 1,200 na mizigo tani 400. Kila tani inayoingia melini lazima isukume tani moja ya maji pembeni, kwa hiyo tani 400 za mzigo zinasukuma mita za ujazo 400 za maji ya ziwa, na meli inadidimia mpaka iyapate. Maji ya bahari ni mazito zaidi, karibu kilo 1,025 kwa mita ya ujazo. Mzigo ule ule Dar es Salaam ungesukuma mita za ujazo 390 tu, na meli ingeelea juu kidogo. Akiweza kukueleza hilo kwa Kiswahili bila kuangalia daftari, sheria ya kuelea ameimaliza. Kuigeuza iwe Kiingereza ni kazi ya jioni moja.

Neno la pili ni joto. Tunasema maji yana joto, mwili una joto, jua lina joto. Darasani joto ni nishati na linapimwa kwa juli. Halijoto ni kiwango cha kupata moto na inapimwa kwa nyuzi za Selsiasi. Bandikeni sufuria mbili zinazolingana, moja na maji ya robo lita, nyingine lita mbili, moja baada ya nyingine kwenye jiko la gesi lile lile bila kugusa moto. Pimeni dakika hadi maji yatokote. Zote zinafika halijoto moja, lakini ya lita mbili imekula joto karibu mara nane. Muda hautakuwa mara nane kamili, kwa sababu sufuria yenyewe inapashwa na joto jingine linapotelea hewani. Jiko la mkaa halifai hapa, maana moto wake haukai sawa kwa dakika kumi.

Mkifanikiwa kuazima kipimajoto cha maabara, cha nyuzi -10 hadi 110, kiingizeni kwenye maji yanayotokota bila kugusa kitako cha sufuria. Kitasoma karibu 96, si 100. Watoto wengi hapa Mwanza huona hivyo wakaandika 100 kwa sababu ndivyo kitabu kilivyosema. Huo ni uongo wa kitaaluma unaoanza mapema. Kitabu kinazungumzia usawa wa bahari. Uso wa ziwa letu uko takriban mita 1,134 juu yake, hewa inayokandamiza maji ni pungufu, na kiwango cha kuchemka hushuka karibu nyuzi moja kwa kila mita 300. Gawanya, utapata pungufu ya nyuzi karibu 4. Kipimajoto hakijaharibika. Tahadhari moja: kipimajoto cha homa cha duka la dawa kisitumike, kinaishia nyuzi 42 na chenye zebaki kitapasuka.

Hapo hapo jikoni achukue na mvuke. Ule "moshi" mweupe juu ya sufuria ni matone madogo ya maji, si mvuke. Mvuke hauonekani, upo kwenye ile nafasi tupu kati ya maji na weupe. Na dagaa wanaokauka kwenye chanja wanapoteza maji bila kufika nyuzi 96, kwa sababu kukauka hutokea juu ya uso wa kitu kwa halijoto yoyote, wakati kuchemka hutokea ndani ya maji yote kwenye halijoto moja.

Kuyeyuka nimeshaligusa. Mpe swali moja la kujiuliza kila mara: ndani ya chombo kulikuwa na vitu vingapi? Barafu peke yake na joto, hapo ni kuyeyuka. Chumvi na maji, vitu viwili, ni kumumunyuka. Aanike maji hayo kwenye sahani juani na chumvi itarudi. Imetosha.

Hewa inahitaji siku kadhaa. Tunasema "hewa ya oksijeni", "hewa ukaa", na mtoto anaelewa kwamba oksijeni ni aina ya hewa kama sato alivyo aina ya samaki. Sivyo. Hewa ni mchanganyiko wa gesi: naitrojeni asilimia 78, oksijeni 21, agoni karibu moja, na kabonidayoksaidi, yaani hiyo hewa ukaa, kidogo sana, kama 0.04. Oksijeni ni sehemu ya hewa, kama maharage yalivyo sehemu ya makande.

Shuleni hulithibitisha hilo kwa mshumaa uliofunikwa na glasi kwenye sahani ya maji. Mshumaa unazimika, maji yanapanda, mwalimu anasema yamejaza nafasi ya oksijeni. Jaribio hilo linadanganya, tuseme wazi. Moto unapasha hewa, hewa inatanuka na nyingine inatoroka kama mapovu, kisha mshumaa ukizima iliyobaki inapoa na kusinyaa, maji yanavutwa. Ndiyo maana yanapanda ghafla baada ya moto kuzima, si polepole ukiwa unawaka. Ukitaka ushahidi, weka mishumaa mitatu chini ya glasi ile ile: maji yatapanda zaidi, wakati oksijeni ya glasi haijaongezeka. Isitoshe mshumaa unazimika kabla oksijeni haijaisha.

Jaribio la kweli ni la kutu. Chukua glasi ndefu iliyonyooka, si iliyopanuka juu. Lowanisha nyuzi laini za chuma za kusugulia masufuria, zile zinazopata kutu, si za kung'aa za stenlesi. Zisuuze kwa siki kidogo kuondoa mafuta na kuharakisha, kisha zikandamize kwenye kitako cha glasi zishike zenyewe. Igeuze glasi kifudifudi kwenye bakuli la maji, uweke alama ya maji yalipoishia ndani. Iacheni siku tatu hadi nne mahali pasipo jua. Hewa ikiwa na kimo cha sentimeta 15, maji yatapanda karibu 3, ambayo ni moja ya tano. Kabla ya kusoma, ongeza maji bakulini mpaka usawa wa nje na wa ndani ulingane, la sivyo hewa iliyo ndani itakuwa imetanuka kidogo na kipimo kitatoka pungufu. Yasipopanda hata kidogo, nyuzi ni za stenlesi au bado zina mafuta. Yakipanda kidogo tu, chuma ni kidogo, ongeza.

Akishamaliza hilo, chupa tatu za misumari atazielewa kwa dakika moja: moja na maji na hewa, ya pili na maji yaliyochemshwa na kufunikwa kwa mafuta ya kula, ya tatu kavu, yenye vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja kwenye boksi la viatu. Inayopata kutu ni ya kwanza. Makosa ni mawili: misumari ya bati, ambayo imepakwa zinki, haitaota kutu wiki nzima, na maji ya chupa ya pili yakimwagwa yakiwa yamepoa, yameshavuta hewa tena.

Kupumua ni neno la Baiolojia linalofanana na joto kwa ujanja wake. Kuvuta na kutoa hewa ni jambo moja, "breathing". Chakula kuvunjwa ndani ya seli ili nishati itoke ni jambo jingine kabisa, "respiration", na hilo linafanywa hata na mbegu isiyo na pua. Ijumaa jioni loweka vikombe viwili vya maharage. Kesho yake chemsha kikombe kimoja dakika kumi, yapoe kabisa. Yaoshe yote kwa maji yenye dawa kidogo ya kuua vijidudu, kisha weka kila kundi kwenye chupa yake ya chai na uzibe kwa pamba, si kwa kizibo, ili hewa ipite. Baada ya siku mbili au tatu yaliyo hai yatakuwa yamepata moto kuliko yaliyochemshwa. Ukisahau kuosha, yaliyochemshwa yataoza, bakteria nao watapumua, na chupa zote mbili zitapata moto. Watoto huambiwa mimea "inapumua hewa ukaa". Chupa hii inaliondoa wazo hilo. Mmea unachukua hewa ukaa kutengeneza chakula kwenye mwanga, lakini unapumua kama sisi, mchana na usiku.

Siku mnayopika sato, kabla ya kumparua, amfunue shavu achore yale mashavu mekundu: matao manne kila upande. Penseli ya HB, mstari mmoja usiokatika, hakuna kupaka kivuli, mistari ya majina isikatizane wala isiwe na mishale, kichwa cha mchoro kiwepo. Alama za michoro ni rahisi, na ndizo zinazopotea bure.

Wadudu, kwa haraka. Kwetu mbu ni mdudu, na "wadudu wa malaria" nao wamo kwenye damu. Atenganishe anayebeba na anayesababisha. Kichocho cha tumbo kinaletwa na mnyoo, konokono anamlea tu. Kwa sababu hiyo hiyo asiingie ziwani kutafuta konokono wala magugu kwa ajili ya somo, vimelea hupenya ngozi. Maji ya ziwa ya majaribio yachotwe bila kukanyaga majini na yakae ndooni siku mbili kwanza. Na dawa ya klorini ya kufulia isichanganywe kamwe na limau au siki, inatoa gesi ya sumu.

Upande wa mtihani, muulize swali moja kila jioni akujibu kwa Kiswahili, halafu aandike jibu hilo hilo kwa Kiingereza sentensi mbili, si zaidi. Ajue kwamba "state" anataja tu, "explain" lazima sababu iwepo, na "differentiate" anaweka pande mbili kwenye kigezo kimoja. Mwanafunzi akieleza tungamo mstari wa kwanza na rangi ya mizani mstari wa pili, hajatofautisha kitu. Kwenye hesabu aandike alichopewa, kanuni, akiingiza namba, kisha jibu na yunti, kila kimoja mstari wake. Hata jibu likikosewa, mistari ya juu huwa na alama zake.

Sasa tuisheni. Kabla hujalipa, nenda ukae nyuma dakika ishirini. Kama mwalimu anaandika ubaoni na watoto wananakili, usilipe. Binti yako tayari ana madaftari ya kutosha kukariri. Kama anawauliza "umejuaje?" na anasubiri wajibu, lipa, na uanze na Fizikia peke yake. Baiolojia ya 40 itapanda yenyewe kwa michoro na daftari la sehemu tatu. Kemia msiiharakishe mpaka jaribio la kutu liishe.

Jumamosi hii azima mizani. Mwenye nayo akiuliza ya nini, mwambie utairudisha kabla ya mitumbwi ya dagaa kuingia asubuhi.